Mgonjwa Asiyesema na Daktari Asiyeonekana

Kuna jambo linalowachekesha sana vijana wa mjini siku hizi. Mtu kampakata paka wake, kaielekeza simu mdomoni mwa paka, na ndani ya simu yuko daktari wa mifugo, pengine mji mwingine kabisa, anaagiza: "Hebu mfunue mdomo, nione rangi ya ufizi." Likitajwa jambo hilo kijiweni kwetu Mabibo, watu hoi kwa kicheko. Eti paka naye ana daktari wa kwenye intaneti! Binadamu wanapanga foleni zahanati tangu alfajiri, wewe unahangaika na paka?

Mimi sicheki, na wala si kwa sababu nina huruma kuliko wenzangu. Nilimaliza kidato cha nne nikabaki na ndoto moja tu, kuandika riwaya. Na kila nikisoma habari za tiba ya wanyama naiona humo kazi ileile inayoninyima usingizi: kumweleza mtu asiyekuwapo jambo ambalo hakuliona, mpaka alione.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mbwa hawezi kusema "naumwa hapa." Hata daktari akisimama mbele yake, bado atamgeukia mwenye mbwa na kumuuliza: ameanza lini, amekula nini, anatapika au anakohoa? Kwa hiyo kwenye tiba ya mnyama watu ni watatu siku zote: mgonjwa asiyesema, mwenye mgonjwa anayesema kwa niaba yake, na daktari. Daktari akikaa mbali, mzigo wote unamwangukia yule wa katikati. Ninayotaka kuisimulia hapa ni historia ya huyo wa katikati. Ni ndefu kuliko simu, na ni ndefu kuliko umeme wenyewe.

Tuanzie Misri. Mwaka 1889 Mwingereza Flinders Petrie, mchimbaji wa mambo ya kale, alifukua nyaraka za mafunjo mahali paitwapo Lahun. Mmojawapo ulikuwa waraka wa tiba ya wanyama, na umri wake unakisiwa kufika miaka 3,800. Umechanikachanika vibaya, lakini sehemu ya fahali inasomeka. Sehemu hiyo haianzi na dawa, inaanza na kutazama: macho yanatiririka machozi, mizizi ya meno imekuwa myekundu, shingo imevimba. Baada ya hapo ndipo mganga anaelekezwa la kufanya. Mwandishi yule hakuwa na kipima joto wala darubini. Alikuwa na macho na maneno, basi. Lakini aliyasuka maneno yake vizuri hata leo, baada ya falme zote zile kupita, fahali yule bado anaonekana akiumwa mbele yetu.

Tusogee karne nyingi mbele, tuingie kwa Wagiriki. Huko alikuwako mganga wa farasi jina lake Apsyrtos. Kamusi moja kubwa ya kale ya Kigiriki inasema aliwahi kuwa askari kando ya mto Danube zama za mfalme Konstantino, yaani karne ya 4. Kilichonivutia kwake si uganga wake, ni namna alivyoandika. Kitabu chake juu ya maradhi ya farasi kimejaa barua. Anamtaja anayemwandikia, anamsalimu, kisha anaingia kwenye shida: homa, kikohozi, maumivu ya tumbo, mguu uliotenguka. Wengine aliowaandikia walikuwa waganga wenzake, wengine askari. Baadaye barua zile zilikusanywa pamoja na maandishi ya waganga wengine katika kitabu kikubwa kiitwacho Hippiatrica.

Sasa bwana, barua ya zama zile ilitembea kwa mguu wa mtu au kwa mguu wa farasi. Mpaka jibu lifike, farasi mwenye homa ama amepona mwenyewe au amekwisha kuwa chakula cha tai. Kumbe basi jibu lilimsaidia nani? Lilimsaidia farasi wa pili, na wa tatu, na wa mia. Ndiyo maana barua zile ziligeuka kitabu. Ushauri wa mbali, tangu mwanzo wake, ulikuwa na tabia hiyo: unaulizwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, unabaki kwa ajili ya wengi.

Halafu mambo yakabadilika. Karne ya 18 sotoka iliwafyeka ng'ombe wa Ulaya, na watawala wakaona kuwa uganga wa kubahatisha hauwafai. Mwaka 1762 Mfaransa Claude Bourgelat, aliyekuwa mkuu wa chuo cha kupanda farasi, alifungua mjini Lyon chuo cha kwanza cha madaktari wa mifugo. London walipata chao mwaka 1791. Mwaka 1881 sheria ya Uingereza ilikataza mtu asiye na sifa kujiita daktari wa mifugo. Tangu hapo tiba ya mnyama ikawa kazi ya mkono uliosoma. Mkono unapapasa, unapima, unapasua. Maelezo ya mwenye mnyama yakashuka cheo, yakawa porojo za sebuleni zinazosikilizwa kwa adabu wakati daktari anavaa glavu.

Silaumu. Mkono uliosoma umeokoa wanyama wasiohesabika. Lakini kila elimu ikijengewa ukuta, wako watakaobaki nje. Na kwa muda mrefu waliobaki nje walikuwa hasa mbwa na paka. Vyuo vile vilijengwa kwa ajili ya farasi na ng'ombe, wanyama wa jeshi na wa mali. Mpaka gari lilipomwondoa farasi barabarani, karne ya 20, ndipo madaktari wengi wa miji ya Ulaya na Marekani wakawageukia wanyama wa nyumbani.

Katikati ya mabadiliko hayo kuna mbwa mmoja ningependa umfahamu. Aliitwa Jimmie, mbwa wa Augustus Waller, mwanasayansi wa London. Waller alikuwa akimsimamisha Jimmie na miguu yake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, nyaya zikatoka kwenye maji hadi kwenye chombo kilichoonyesha umeme wa moyo wake. Mwaka 1909 alimwonyesha mbele ya wageni wa Royal Society. Loo, zogo! Suala likafika Bungeni: je, huo si ukatili kwa mnyama? Waziri wa Mambo ya Ndani alijibu kwamba maji yale yalikuwa na chumvi ya kawaida tu, na anayetaka kujua mbwa alijisikiaje akatie miguu yake baharini.

Miaka ishirini kabla ya zogo hilo Mholanzi Willem Einthoven alikuwa amewahi kutazama maonyesho ya Waller. Akaenda zake, akatengeneza chombo bora zaidi, na mwaka 1905 akasafirisha mapigo ya moyo wa binadamu kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Basi ukisikia leo picha ya moyo wa mbwa imetumwa kwa bingwa aliye mji mwingine, usidhani mbwa amedandia teknolojia ya binadamu. Jimmie alikuwamo safarini tangu mwanzo, miguu ndani ya maji ya chumvi.

Lakini angalia: waya unabeba mapigo ya moyo, haubebi habari ya kilicholiwa jana jikoni. Habari hiyo bado iko kwa yule wa katikati. Walioelewa hivyo mapema ni watu wa sumu. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianzisha huduma ya simu kwa ajili ya wanyama waliokula sumu. London ikawa na huduma ya namna hiyo mwaka 1992, ya kuwashauri madaktari wa mifugo. Kazi yao karibu yote ni maswali. Mbwa amekula chokoleti: ana uzito gani? Chokoleti nyeusi au ya maziwa? Kipande kikubwa kiasi gani? Saa ngapi zimepita? Nyeusi ina sumu zaidi kwa mbwa, na mbwa mdogo huzidiwa na kiasi ambacho mkubwa angekivumilia. Ukijibu "amekula kidogo tu," hujasema kitu. Ukijibu "nusu ya kipande, saa mbili zilizopita, na mbwa ana kilo nane," umempa daktari mtu wa kumshika mkono.

Kwetu chokoleti si tatizo kubwa. Tatizo ni sumu ya panya na Panadol. Naam, Panadol. Watu wengi wakiona paka kajikunyata wanamvunjia nusu kidonge, kwa mapenzi kabisa. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Inaharibu damu yake, ufizi unageuka rangi ya kahawia au bluu, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Sentensi moja ya simu, "Mama, usimpe hiyo," ni tiba kamili.

Mwaka 1991 madaktari wawili wa Marekani, Paul Pion na Duncan Ferguson, walianzisha mtandao wa kompyuta ambamo madaktari wa mifugo waliulizana wao kwa wao. Daktari aliye peke yake kijijini aliweza kumwuliza bingwa usiku uleule. Hakuna aliyelalamika, maana pande zote mbili zilikuwa na cheti. Ugomvi ulianza pale mwenye mnyama mwenyewe alipopiga hodi.

Ugomvi huo una jina: Ron Hines. Huyu ni daktari wa mifugo wa Texas aliyestaafu, na mwili wake ulikuwa na ulemavu uliomzuia kuendelea na kazi ya kawaida ya kliniki. Mwaka 2002 alianza kuandika makala kwenye intaneti juu ya afya ya wanyama wa nyumbani. Watu wakaanza kumwandikia, kwanza wachache, halafu kutoka kila pembe ya dunia. Wengine walikuwa wamepewa majibu yanayopingana na madaktari wawili, wengine hawakuwa na daktari karibu, wengine hawakuwa na fedha. Hines akawajibu kwa barua pepe na simu. Hakuwaandikia dawa. Aliyekuwa nacho alichangia ada ndogo, asiyekuwa nacho alisaidiwa hivyo hivyo. Ni Apsyrtos yuleyule, isipokuwa barua zake sasa zilifika kabla farasi hajafa.

Lakini tangu 2005 sheria ya Texas ilisema daktari lazima awe amemwona mnyama kwa macho yake au ametembelea mahali anapofugwa. Uhusiano wa simu na kompyuta peke yake haukutosha. Mwaka 2013 bodi ya madaktari ilimsimamisha leseni, ikamtoza faini. Haikudai kuwa kuna mnyama aliyedhurika. Hines akaenda mahakamani na hoja moja: mimi sikumshika mnyama, sikumchoma sindano, nilisema tu, na kusema ni haki yangu. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Mwaka 2018 akafungua kesi upya. Mwaka 2020 mahakama ileile ikasema kesi yake istahili kusikilizwa. Septemba 2024, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, akashinda: mahakama ilikubali kwamba barua pepe zake zilikuwa maneno, na maneno yanalindwa na katiba.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara najikuta nasimama pande zote mbili. Miaka kumi na moja wanasheria walibishana juu ya swali ambalo sisi waandishi chipukizi tunalipita juu juu: neno ni tendo, au si tendo? Bodi ilisema neno la daktari ni tendo, linaweza kuua, kwa hiyo lifungwe kama kisu kinavyofungwa. Hines alisema neno ni neno. Ajabu ni kwamba wote wawili waliyapa maneno heshima kubwa kuliko tunavyoyapa sisi tunaojiita watu wa fasihi.

Wakati kesi ikisubiri, ugonjwa wa korona ulikuja ukaamua kwa njia yake. Tarehe 24 Machi 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililegeza kwa muda masharti ya serikali kuu yaliyomtaka daktari amwone mnyama ana kwa ana. Uingereza nayo ikalegeza mwaka huohuo. Watu waliofungiwa majumbani wakawafunua mbwa wao midomo mbele ya simu, kama yule anayechekwa kijiweni kwetu. Februari 2023 Marekani ikarudisha masharti yale, lakini mlango ulikuwa umekwisha kuonekana. Mwaka 2024 majimbo ya California na Florida yaliruhusu kwa sheria zake daktari aanze kumhudumia mnyama kwa njia ya video. Uingereza ilitoa mwongozo mpya Septemba 2023: dawa fulani zaweza kuandikwa kwa mbali, ila antibaotiki kwa kawaida haziandikwi mpaka mnyama aonwe.

Na sisi je? Usidhani tumekaa kando tukitazama sinema ya watu. Chukua sotoka, ileile iliyozaa chuo cha Lyon. Iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ikaangamiza ng'ombe na jamii zilizowategemea. Mlipuko wa mwisho uliothibitishwa ulikuwa Kenya mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa ugonjwa huo umekwisha. Chanjo ilifanya kazi kubwa. Ya Walter Plowright ilitengenezwa Muguga, Kenya. Lakini katika kuusaka ugonjwa kwenye maficho yake ya mwisho, wataalamu walilazimika kukaa chini na wafugaji na kuwaomba wasimulie. Wamaasai walikuwa na jina lake, olodua, na jina jingine la ndigana kali, oltikana, wala hawakuyachanganya. Mfugaji asiyejua kusoma alieleza machozi, vidonda vya mdomo na kuharisha kwa usahihi ambao mwandishi wa Lahun angeutambua. Yule wa katikati aliyedharauliwa na vyeti alirudishiwa kiti chake.

Mwaka 2011 huohuo Kenya ilizinduliwa huduma ya iCow, ya kumpelekea mfugaji ushauri wa ng'ombe wake kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Na kuanzia mwaka huo kusini mwa Tanzania na Pemba wahudumu wa afya na wa mifugo walianza kutuma kwa simu taarifa za watu walioumwa na mbwa na za mbwa waliochanjwa. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka. Na hapa ndipo ushauri wa mbali unapogeuka suala la uhai wa binadamu. Mbwa mwenye kichaa hushindwa kumeza, udenda ukamtoka, na mwenyewe akadhani mfupa umemkwama kooni. Atafanya nini? Ataingiza mkono. Daktari wa kwenye simu akisikia maelezo hayo, jambo la kwanza atakalosema ni: toa mkono wako, mfungie, waondoe watoto. Na kama amekwisha kukuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali leo leo ukachomwe chanjo.

Mwaka juzi mama mwenye nyumba wetu alikuwa na paka dume, mnene, mtawala wa paa zote za mtaa. Siku moja akaanza kwenda kwenye mchanga kila mara, anachuchumaa, analia, anarudi. Majirani wakaamua kafunga choo, apewe mafuta ya kula. Binamu yangu aliyesoma Sokoine, Morogoro, alipigiwa simu usiku.

"Shikamoo mama. Ni dume au jike?"

"Marahaba mwanangu. Dume."

"Mkojo umetoka leo?"

Kimya. Hakuna aliyekuwa ameutazama mkojo; wote walikuwa wakitazama choo. Mama akachukua tochi, akarudi. "Mchanga mkavu, mwanangu. Mkavu kabisa."

"Mpapase tumbo chini, taratibu, usimbinye."

"Kuna kitu kigumu. Kama chungwa dogo."

"Basi mama, hapa simu imefika mwisho wake. Mkojo umeziba. Usingoje asubuhi, mtafutie kliniki sasa hivi."

Walikwenda kwa bajaji. Paka akawekewa mpira wa mkojo, akapona. Mafuta yale yangemkuta maiti. Nami nikaona kitu ambacho wanaocheka hawakioni: ushauri mzuri wa mbali si ule unaojifanya mkono. Ni ule unaojua mahali ambapo neno linaishia na mkono unaanzia, ukasema hivyo bila kuona haya.

Ziko hatari zake, sizifichi. Picha ya gizani hudanganya rangi ya ufizi. Bando huisha katikati ya swali. Na matapeli wamejaa: mtu anauza dawa za kuku, kesho anajiita daktari bingwa wa mbwa. Tanzania ina Baraza la Veterinari lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, Kenya ina bodi yake. Daktari wa kweli ana namba ya usajili, wala haoni ubaya kuulizwa. Muulize kabla hujatuma hela.

Lakini hatari kubwa kuliko zote iko kwetu sisi tunaopiga simu. Wengi tukiulizwa mbwa ana nini, tunajibu: "Anaumwa tu." Tumeishi naye miaka minne, tunakula naye uani, na hatuwezi kumweleza kwa sentensi tatu! Waandishi wenzangu, hilo ni zoezi kuliko mazoezi yote ya darasani. Kaa na paka wako jioni moja. Andika ufizi wake una rangi gani akiwa mzima, anapumua mara ngapi kwa dakika akilala, anakunywa maji kiasi gani, anakojoa wapi. Usitie tamathali wala machozi. Siku atakapougua, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yake, na mtu aliye Morogoro au Texas atamwona.